Namna ya Kutazama Picha za Zamani za Jazi

Ukipata picha za mwimbaji Billie Holiday na mpiga saksafoni Lester Young zilizorushwa na televisheni ya CBS huko New York tarehe 8 Desemba 1957, usizitazame mchana huku honi za daladala zikiingia dirishani. Subiri usiku, Kariakoo ikishatulia. Kwanza fumba macho usikilize. Wapiga saksafoni ni kadhaa, na Ben Webster, mwenye sauti nzito, humtangulia Young, ambaye hupuliza noti chache tu zisizo na haraka. Kisha rudia ukiutazama uso wa Holiday peke yake, anavyotikisa kichwa taratibu huku macho yakimwelekea Young. Mimi sijaona mapenzi ya muziki yaliyo wazi kuliko hayo. Halafu linganisha na rekodi zao za mwaka 1937, sauti zote mbili zikiwa bado nyepesi.