Tiketi za ugenini: anza na shirikisho lako

Ukitaka kuifuata timu yako ya taifa ugenini, usikimbilie tovuti ya wenyeji. Anza na shirikisho la soka la nchi yako. Kwa mechi za Ulaya, kanuni za UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, zinamtaka mwenyeji awatengee wageni angalau asilimia 5 ya viti. Uwanja wa watu 60,000 unaweza kutoa viti 3,000 tu, na kwa kawaida shirikisho la wageni ndilo linalovigawa. Mara nyingi wanaotangulizwa ni wanachama wa klabu ya mashabiki wenye rekodi ya kusafiri, hivyo jiunge mapema, hata kabla ratiba haijatoka, na usizidharau zile mechi ndogo za mbali ambazo wengi hawaziendei. Ndizo zinazokujengea rekodi.

Kununua upande wa wenyeji ni njia ya mkato inayouma. Wanaweza kukuzuia mlangoni kwa sababu ya jezi tu, na ukiingia utashangilia bao kimoyomoyo katikati ya watu walionuna. Tena umemzibia nafasi shabiki wa nyumbani, naye anaipenda timu yake vilevile.

Kwa wenyeji: tiketi zikiisha, msikate tamaa. Ambazo wageni hawakuzichukua zinaweza kurudishwa kwa mwenyeji na kuuzwa tena siku chache kabla ya mechi, kwa hiyo chungulia mfumo rasmi asubuhi na jioni. Anayekutumia picha ya tiketi yenye msimbo mtandaoni, mwache. Picha hiyohiyo anaweza kuwauzia watu kumi.