Mwezi wa mwisho wa ujauzito huku kwenye baridi: amua mapema

Mjamzito akifika wiki ya 36 huwa namuuliza swali moja kabla hata sijampima presha: uchungu ukikushika usiku, nani atakupeleka? Wengi hunijibu, "Tutaona, sista." Hapo ndipo ninapovuta kiti nikakaa naye.

Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya kijijini wilayani Makete, milimani mkoani Njombe. Barabara zetu ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi mvua zikianza Novemba, na ukungu ukishuka hata dereva mzoefu huegesha gari. Kwa hiyo mwezi wa mwisho ni mwezi wa kuamua. Uchungu ukishaanza, nyumba nzima hupaparika na hakuna anayeamua vizuri.

Tuanze na mwili wako. Kama ni mimba ya kwanza, kuanzia wiki ya 36 hivi mtoto hushuka kwenye nyonga. Utahema vizuri kuliko mwezi uliopita na kiungulia kitapungua, lakini haja ndogo itakuamsha mara kwa mara, na nyonga zitauma ukipanda mlima. Kwa aliyekwisha kuzaa, mtoto anaweza asishuke mpaka uchungu wenyewe uanze, usiogope. Miguu kuvimba jioni ni kawaida ikiwa asubuhi imepungua. Lala kwa ubavu, maana ukilala chali tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto hupungukiwa damu. Ukizinduka ukajikuta chali, geuka tu uendelee na usingizi.

Kula viazi na makande kama kawaida, ila weka maharage, dagaa na mboga za majani kila siku. Vidonge vya kuongeza damu usiviache. Choo kuwa cheusi ni kwa sababu ya vidonge hivyo. Najua huku kwetu chai hainywewi kikombe kimoja, lakini chai huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Inywe saa moja au mbili kabla au baada ya chakula na vidonge. Pombe za ulanzi na komoni weka kando kabisa.

Kuna neno moja nalisikia kila wiki na linaniumiza: kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia. Mdogo wangu, usiamini. Kucheza kwake hubadilika, atajinyoosha na kusukuma zaidi kuliko kurusha mateke kwa sababu nafasi imebana, lakini lazima acheze kila siku mpaka siku ya kujifungua. Ukiona amepoa, kula kitu, lala ubavu wa kushoto, acha kazi zote uhesabu. Usipofikisha michezo 10 ndani ya saa mbili, njoo kituoni wakati huo huo. Usisubiri kupambazuke, na usione aibu kuniamsha.

Sasa uchungu. Wiki hizi tumbo litakuwa linakaza na kuachia, hasa jioni baada ya kazi. Huo ni uchungu wa uongo: hauna mpangilio, ukinywa maji ukapumzika au ukatembea kidogo hupotea. Wa kweli mara nyingi huanzia kiunoni ukaja mbele, na hautulii hata ufanye nini. Kila saa inayopita unakaribiana na kukaa muda mrefu zaidi. Weka kiganja juu ya tumbo. Likikaza kidogo ukaweza kulibonyeza kama shavu, bado. Likiwa gumu kama paji la uso, kazi imeanza. Unaweza pia kuona ute mzito wenye michirizi ya damu. Hiyo ni dalili kwamba njia inajiandaa, ingawa siku moja au zaidi inaweza kupita kabla ya uchungu. Chupa ya uzazi ikipasuka maji yakatoka, ondoka hata kama huna maumivu, na uangalie rangi ya maji. Yakiwa ya kijani au ya kahawia, sema mara tu unapofika mlangoni.

Mjini wanaambiwa wasubiri uchungu uje kila baada ya dakika tano. Ushauri huo ni wa anayeishi karibu na hospitali. Wewe wa juu mlimani, uchungu ukishashika mpangilio, hata ukija kila baada ya dakika 10, anza safari. Kama umeshazaa mara mbili tatu, usihesabu chochote, ondoka, maana mtoto wa tatu hana subira.

Wapi utajifungulia ni uamuzi wa kliniki na wewe, ufanyike wiki ya 36. Zahanati inatosha kwa wengi. Lakini kama ulishawahi kupasuliwa, una mapacha, mtoto ametanguliza matako, presha imefika 140/90, ulitokwa damu nyingi uzazi uliopita, au una umri mdogo sana, nenda hospitali yenye upasuaji na damu. Kwetu ni hospitali ya wilaya au Ikonda. Walio Mbeya wana Meta, walio Iringa wana hospitali ya mkoa na Tosamaganga. Usingoje uchungu huku. Hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla, au uliza kama kuna nyumba ya kusubiria kujifungua. Tafuteni pia ndugu wawili watakaokuwa tayari kutoa damu.

Kwa dharura piga 115, ni bure. Ni namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na wao hutafuta gari la wagonjwa au dereva waliyekubaliana naye. Hata hivyo zungumza na mwenye gari kijijini sasa hivi, mkubaliane nauli, na namba yake iwe kwenye simu ya mume na ya wifi pia. Bodaboda kwenye utelezi na uchungu umekolea, hapana.

Kwenye begi weka kadi ya kliniki, kanga na vitenge visafi, pedi, beseni na vifaa ulivyoelekezwa kliniki. Halafu fikiria baridi. Juni na Julai nyasi huamka nyeupe kwa jalidi, na mtoto mchanga hupoteza joto haraka mno, hasa kichwani. Kofia ya sufu, soksi na blanketi zito si anasa. Tutamfuta, tutamlaza kifuani kwako ngozi kwa ngozi na kuwafunika pamoja, na hataogeshwa mpaka saa 24 zipite.

Na nyumbani, nakuomba sana, jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala mlango ukiwa umefungwa. Hewa yenye sumu ya mkaa huioni wala husikii harufu yake, lakini huua watu wakiwa usingizini. Ota moto jikoni, kisha nenda kalale na mablanketi.

Haya hayasubiri kliniki wala asubuhi: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu makali chini ya kifua upande wa kulia, homa, degedege. Uchungu kabla ya wiki ya 37 nao ni wa kukimbilia hospitali.

Tarehe ya matazamio ni makadirio tu. Mtoto anaweza kuja wiki mbili kabla au baada. Ikifika wiki ya 41 kimya, rudi kliniki tupange. Usikubali dawa ya miti shamba ya kuharakisha uchungu. Hakuna anayejua kipimo chake, na inaweza kukaza tumbo la uzazi bila kuachia, mtoto akakosa hewa, au kizazi kikapasuka. Kama umeshainywa, tuambie, hatutakugombeza. Na mama mkwe akikuletea kikombe, mwambie sista amekataza. Nitazungumza naye mwenyewe.