Kabla hujaingiza kitu, uliza kitatokaje

Mimi ni mhazini wa kikoba cha akina mama 22 hapa Nkuhungu, Dodoma. Riziki yangu iko kwenye steshenari: fotokopi, kuchapa, kuwatumia watu maombi ya kazi. Kwa miaka miwili hesabu za kikoba nilizitunza kwenye programu fulani ya simu, ya rangi za kuvutia na ya bure kabisa. Asubuhi moja ikagoma kufunguka mpaka niilipie, kwa dola, kwa kadi ya benki. Nikatafuta pa kutolea hesabu zangu nizipeleke kwingine. Hapakuwepo.

Mwenyekiti wetu, mama anayeuza zabibu soko la Majengo, habari za programu hazimhusu. Aliuliza tu, "Mwanangu, hela za watu ziko wapi?" Hela zilikuwepo, ndani ya kasha la kufuli tatu kama siku zote. Kilichopotea ni nani anadaiwa kiasi gani. Nilipita nyumba kwa nyumba kukusanya vitabu vya wanachama, nikakesha siku mbili kuzijenga upya hesabu kwa kalamu. Tangu hapo nimekuwa nikihamia kidogo kidogo kwenye programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza na kuzibadilisha, na huu ndio mpangilio ambao ningeufuata tena.

Anza na jaribio la dakika kumi. Programu yoyote unayotaka kuikabidhi mali yako, ipe kwanza vitu vitatu vya uongo: mkopo wa Sh 5,000, jina la kubuni, picha ya ukuta. Kisha jaribu kuvitoa na kuvifungua kwa programu nyingine kabisa. Kwa hesabu, angalia kama inatoa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, maana hilo linasomeka karibu popote. Ikishindwa, achana nayo hata kama mtaa mzima unaisifia. Wala bei isikupumbaze. Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo huria wa kompyuta, amelazimika kueleza miaka yote kwamba anaposema "free software" anazungumzia uhuru, kwa sababu Kiingereza kina neno moja, "free", kwa mambo mawili. Sisi tuna bure na tuna huru, tena bure yenyewe tunaitumia pia kwa kazi isiyo na faida. Ile programu yangu ilikuwa bure kwa maana zote mbili.

Baada ya hapo shughulika na mafaili. Kompyuta iache kwanza ilivyo, na Windows yake. Weka tu LibreOffice, programu huria za kuandikia na kupigia hesabu kama Microsoft Office, pembeni ya kile unachotumia sasa, havigombani. Tuambiane ukweli: Office nyingi kwenye steshenari za mitaani ni za kukraki, na kraki ndiyo mlango wa virusi. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 pale watengenezaji wengi wa OpenOffice.org walipojitenga, na ukoo huo una damu ya Kiswahili: mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili.

Kinachowatisha wengi ni kurasa kuvurugika. Mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anakuja na tasnifu ya kurasa 90 kwa Times New Roman, anaikabidhi kesho, roho juu. LibreOffice ina Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Badala ya Calibri kuna Carlito, na badala ya Cambria kuna Caladea. Husumbua zaidi majedwali yaliyounganishwa visanduku na michoro iliyowekwa juu ya maandishi. Hayo kagua ukurasa kwa ukurasa kabla hujabonyeza kuchapa. Kazi ya kuchapwa tu, mwambie mteja alete PDF. Kazi itakayorudi kwa mwenyewe hifadhi kwa docx, muundo wa Word. Zako binafsi hifadhi kwa ODF, muundo wa LibreOffice yenyewe, ambao ni kiwango cha ISO tangu 2006. Kaa hapo mwezi mzima kabla ya kugusa kitu kingine. Mimi nilikaa minne.

Ukizoea, ndiyo uiangalie kompyuta yenyewe. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu yangu ni kuukuu mno kwa Windows 11. Niliweka Linux Mint, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce, ambalo kwa GB 4 za RAM linakwenda bila kulalamika. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo lisubirie bando la usiku. Tafuta flashi ya GB 8, uliandike faili hilo humo kwa programu ya balenaEtcher au Rufus. Kilichomo kwenye flashi kitafutika chote. Nilipoteza picha za kipaimara cha mpwa wangu kwa kudharau onyo hilo. Zima, washa huku ukibonyeza F12 kwa Lenovo na Dell nyingi, au F9 kwa HP, uchague flashi.

Hapa usikimbilie kubonyeza pa kusakinisha. Mint inafanya kazi kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hiyo ndiyo nafasi yako ya kupima Wi-Fi, sauti, na hasa printa. Printa nyingi za HP zinaitika kupitia HPLIP, programu ya kuziendesha kwenye Linux. Printa yangu moja ya zamani, ya kampuni nyingine, ilikataa katakata. Nimeiachia kompyuta ya pili yenye Windows, na sioni aibu. Kusakinisha kwenyewe ni nusu saa, baada ya kunakili kila kitu kwenye diski ya nje na kukihakiki kwa kukifungua.

Faida ambayo sikuitarajia imeniletea wateja. Zile flashi ambazo mafolda yamegeuka shotikati? Kwenye Linux hicho kirusi hakina pa kushika: shotikati zinalala kama mafaili tu, na mafolda halisi yaliyofichwa yanaonekana. Nafuta uchafu, namrudishia mtu kazi yake. Wanadhani nina dawa.

Kwenye simu ya Android, pakua F-Droid kutoka tovuti yake yenyewe. Ni duka la programu huria. Nilianza na KeePassDX ya manenosiri, kwa sababu inayatunza kwenye faili moja ninalolinakili mwenyewe, na KeePassXC inalifungua kwenye kompyuta. Kisha Organic Maps, ya ramani, inayotumia data ya OpenStreetMap, mradi wa ramani inayojazwa na watu wenyewe, ulioanza mwaka 2004. Ukishapakua ramani, inakuongoza bila bando. Tangu serikali ihamie hapa mji unakimbia kuliko ramani, lakini hii unaijaza mwenyewe: programu ya StreetComplete inakusimamisha barabarani na kukuuliza kama njia ni ya lami au ya vumbi, na inaitwaje. Nimejaza mitaa ya nyuma ya kwangu yote kwa miguu, Jumapili tatu, na sasa bodaboda anayepeleka kadi za harusi hanipigii simu mara nne.

Kubadilisha mfumo mzima wa simu kwa LineageOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android, ni habari nyingine. Tazama orodha yao ya simu kwanza. Yangu haimo, nikaishia hapo.

WhatsApp sijaihama. Niliwaomba wanakikundi tuhamie Signal, programu huria ya kutumiana ujumbe, wakaja watatu, na mmoja kati yao alikuwa dada yangu. Kikundi kipo kule walipo watu. Ninachokataa ni hesabu kuishi humo. Ziko kwenye jedwali la LibreOffice Calc, na kila Jumamosi natoa nakala tatu: karatasi inasomwa mbele ya wote, flashi moja inaingia ndani ya kasha pamoja na hela, nyingine anaondoka nayo mwenyekiti kwenye kibeti chake cha khanga. Juzi aliniuliza kama meza yake ya zabibu nayo inaweza kuingia kwenye ramani. Nikamjibu, "Mama, soko limo, ila meza yako kila mwezi iko pembe nyingine."