Njano yenye kijani, kijani chenye unjano: namna ya kuchagua kabla hujapaka chumba

Kwenye kadi za sampuli za dukani utaapa ni rangi moja. Zikishapanda ukutani, moja inakuwa ganda la limau, nyingine majani yaliyoanza kukauka. Mimi huzipambanisha hivi.

1. Weka kadi zote mbili juu ya karatasi nyeupe, zigusane. Ile yenye kijani zaidi itajitaja yenyewe. Usizibandike kwenye rangi ya zamani. Ukuta wa waridi, kwa mfano, utazitia zote kijani zisichokuwa nacho.

2. Nunua kopo dogo la kila rangi. Chukua kadibodi nyeupe za sentimita 50 kwa 50, mbili kwa kila rangi, upige mikono miwili (tabaka mbili za rangi) huku ukiacha ukingo mweupe. Andika jina nyuma. Niliwahi kusahau, mwenye nyumba akachagua "hii hapa", tukabaki kutazamana. Usihukumu mpaka zikauke kabisa.

3. Hapa ndipo kazi ilipo: mwanga. Zitazame asubuhi, mchana, jioni, kisha usiku taa zikiwaka, na kila mara zihamishe ukuta. Balbu ya Kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa K) ina mwanga wa manjano, hivyo huzivuta zote mbili upande wa njano na tofauti yaweza kupotea. Ile ya 6500 ina ubuluu, nayo huamsha kijani. Kuna rangi zinazolingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kwa kuwa hazikuchanganywa kwa viungo vilevile. Angalia na kona yenye kivuli, maana njano ya namna hii ikikosa mwanga hugeuka kijani kichafu. Miti nje ya dirisha nayo huongeza kijani chake.

4. Simamisha kadibodi mbili za rangi moja kwenye kona, kama kuta zinavyokutana. Kuta hurushiana rangi, na chumba kizima kitakuwa kikali kuliko kadi. Ndiyo maana nikikwama kati ya mbili, nachukua ile isiyo kali sana.

5. Kadi nyingi zina namba ya LRV nyuma, yaani kiasi cha mwanga ambao rangi huurudisha: 0 ni nyeusi, 100 nyeupe. Zikipishana pointi moja, namba haitakusaidia; rudi kwenye hatua ya 3.

Ukishaamua, agiza mng'ao uleule uliojaribia, na makopo yote ya rangi hiyo yamwage kwenye ndoo moja uyakoroge pamoja kabla ya kuanza ukuta wa kwanza.