Somo: Kukata akriliki kwa CNC bila kuiyeyusha

Wakuu, swali la "akriliki yangu inayeyuka, nifanyeje" haliishi humu na jibu lake ni lile lile. Naliweka hapa lote. Kwa mgeni: akriliki ni plastiki ngumu inayofanana na kioo, CNC ni mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, na biti ni kisu chake kinachozunguka. Akiuliza mwingine, mpeni uzi huu.

1. Nunua akriliki ya kumiminwa kwenye kalibu, si ile inayosukumwa na mashine kama tambi. Hii ya pili hulainika mapema na kung'ang'ania biti. Muuzaji akibabaika, pima unene kwa kalipa pembe zote: ya kumiminwa mara nyingi hutofautiana kidogo. Kwa hiyo sifuri ya Z (pale mashine inapoanzia kuhesabu kimo cha biti) ichukulie mezani, si juu ya shiti.

2. Nailoni ya juu usiibandue.

3. Bana shiti lisitikisike kabisa. Selotepu ya pande mbili kwa vipande vidogo, skrubu pembeni kwa shiti kubwa.

4. Biti ya jino moja, kali, inayopandisha chenga juu. Iliyochoka kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) usiilete hapa.

5. Kasi. Hapa ndipo mashiti yanapoteketea. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na haisambazi joto kama alumini, kwa hiyo joto hubaki pale pale biti inapogusa. Wa kuliondoa ni chenga. Chenga nene huondoka na joto lake. Vumbi hubaki mferejini, likasagwa tena, likayeyuka, likagandia biti. Sasa mtu akiona inayeyuka anapunguza mwendo! Biti inabaki inasugua mahali pamoja na mambo yanazidi kuharibika.

Piga hesabu ya unene wa chenga: zidisha mizunguko ya biti kwa idadi ya meno, kisha chukua mwendo (kasi ya biti kusonga mbele) ugawanye kwa jibu hilo. Mizunguko 18,000 kwa dakika, jino moja, mwendo mm 1,800 kwa dakika: chenga ya mm 0.1. Kwa biti ya mm 4 anzia hapo. Anayeweka 24,000 na mwendo 600 anapata mm 0.025, vumbi tupu. Mashine yako dhaifu? Shusha mizunguko hadi 12,000 na mwendo 1,200; chenga ni ile ile.

Onyo: usisimamishe mashine biti ikiwa inazunguka ndani ya shiti. Usiizamishe wima, iingie kwa mteremko. Hewa ya kompresa ipulize mferejini mwanzo hadi mwisho. Ukiona nyuzinyuzi badala ya chenga, zima kwanza, maswali baadaye.

6. Kata kina cha mm 2 hadi 3 kila pasi (kila biti inapopita), ukibakiza mm 0.3 ubavuni. Pasi ya mwisho iondoe hiyo kwa kina chote mara moja. Ubavu unatoka laini.

7. Miwani. Chenga zake zinaruka.

MASWALI

Kijana wa Mabango: Mkuu, yangu inayeyuka, nifanyeje?
Jibu: Namba 5. Ukishasoma, rudi na biti, mizunguko na mwendo wako.

Mzee Stika: Mimi nakata kwa biti ya mbao ya meno mawili miaka yote, acheni kutisha watu.
Jibu: Sijasema haikati, mzee wangu. Kwa meno mawili mwendo lazima uwe mara mbili ili chenga ibaki ile ile, na nafasi ya kuitolea ni finyu. Kama mashine yako inaumudu, endelea.

Dada Herufi: Nimefuata 18,000 na 1,800. Mistari iliyonyooka inatoka safi, ila kwenye kona pananata. Kwa nini kona tu?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Mashine ikifika konani hupunguza mwendo ili igeuke, lakini spindo (mota inayozungusha biti) haipunguzi mizunguko. Pale konani chenga inageuka vumbi. Zungusha kona kwenye mchoro, hata nusu kipenyo cha mm 3 inasaidia. Kona ikibidi iwe kali, shusha mizunguko kwa kazi nzima. Na kona za ndani biti inazungukwa na plastiki zaidi, elekeza hewa huko.

Dada Herufi: Imekubali, asante! Sasa alama za vidole nifutie spiriti?
Jibu: Usithubutu. Ubavu uliotoka kukatwa una mkazo, spiriti au thina ikigusa vinatokea vipasuko vidogo vidogo, wakati mwingine kesho yake. Maji, tone la sabuni, kitambaa laini.

Fundi Bango: Na PVC ya povu?
Jibu: Kwa ruta, yaani mashine hii ya biti, inakatika vizuri. Kwa leza usiikate kabisa, inatoa gesi ya hidrojeni kloridi: inaunguza mapafu na kula vyuma vya mashine.