Kubadili rilizi ya klachi uani: somo kwa wenye pikapu

Habari za huko ndugu zangu. Msimu wa korosho ukianza, pikapu za huku kwetu Kusini hazilali. Zinaingia mashambani Tandahimba na Newala, zinazama kwenye mchanga, zinapanda zimebeba magunia, na muda wote mguu wa dereva upo kwenye klachi. Inapofika Januari watu wanaanza kuuliza mlio huu ni wa nini. Mara nyingi ni rilizi, ile beringi ya klachi. Basi leo naandika kazi yote ya kuibadili kama ninavyoifanya hapa Mtwara, uani kwangu chini ya mwembe.

Gari ninalolisemea ni Toyota Hilux inayovuta tairi za nyuma, dizeli, klachi ya mafuta. Gari linalovuta mbele hufunguliwa kwa njia nyingine kabisa, usilifuate somo hili nalo.

Kwanza sikiliza

Washa injini, gia iwe nyutro, mguu mbali na pedali. Kisha kanyaga klachi kidogo kidogo. Mlio ukianza pale pedali inapoanza tu kukaza, halafu ukazidi kadiri unavyokanyaga, hiyo ni rilizi, yaani beringi inayosukuma vidole vya presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana klachi). Mlio wake ni mkavu, kama panga linalopitishwa kwenye jiwe bila maji.

Mlio ukiwepo pedali ikiwa juu, na ukakatika ukikanyaga, usinunue rilizi. Hapo inayolia ni beringi ya mbele ya gia boksi. Ipo pia beringi ndogo katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), ambayo hulia baada ya klachi kuachia kabisa. Hiyo ni ndogo na bei yake si kubwa, na kuifikia ni lazima ushushe gia boksi hiyo hiyo, kwa hiyo mimi huinunua pamoja na rilizi.

Neno ninalotaka ulishike kuliko yote: rilizi haifi bure. Kuna kitu kimeiua. Ukiweka mpya bila kukitafuta, utarudi chini ya gari.

Kulinyanyua gari

Hapa sina mzaha. Ardhi yetu ni mchanga, na jeki ikisimama juu ya mchanga inazama upande mmoja polepole bila wewe kuona. Kama huna sakafu ya zege, weka chini ya jeki na chini ya kila stendi ubao mnene na mpana. Tumia stendi za chuma nne. Tofali la saruji linapasuka ghafla bila kutoa dalili. Usilale chini ya gari lililoegemea tofali, hata kwa dakika moja ya kuchungulia. Ukishaliweka, lisukume kwa nguvu ubavuni. Kama linacheza, anza upya.

Toa waya wa hasi kwenye betri, kwa sababu utafungua stata.

Kushusha gia boksi

Mwaga oili ya gia boksi, au ukitoa propela (shafti ndefu inayokwenda nyuma) ziba mdomo wa nyuma kwa mfuko wa plastiki na kipande cha mpira wa baiskeli, maana itamwagika yote. Kabla ya kutoa propela, piga alama ya rangi pale inapokutana na difu, ili irudi ilivyokuwa. Bila hivyo gari linaweza kutetemeka ukiwa kasi, uanze kuhangaika na tairi ambazo hazina kosa.

Toa kitasa cha gia kutokea ndani, waya wa taa ya rivasi, kebo ya spidi, stata, na eksozi kama inakuzuia. Silinda ndogo ya klachi iliyo ubavuni ifungue boti zake mbili, uifunge pembeni kwa waya na paipu yake ikiwa imeunganishwa. Kisha waambie watoto na kila mtu hapo nyumbani: asiguse mtu pedali. Ikikanyagwa, pistoni inatoka nje na mafuta yote yanamwagika.

Egemeza injini kwa jeki ya pili chini ya sampu (bakuli la oili ya injini), na ubao katikati. Egemeza gia boksi kwa jeki ya magurudumu. Toa krosimemba (chuma cha kukingama kinachoibeba gia boksi), halafu boti zinazozunguka mdomo wa gia boksi. Zile za juu zinahitaji ekstensheni ndefu. Zipange juu ya kadibodi kama zilivyokaa, kwa kuwa urefu wake haulingani. Gia boksi hii inafika kilo 40 na zaidi. Tafuta mtu wa pili, ivuteni nyuma ikiwa imenyooka mpaka shafti itoke yote, ndipo mshushe. Usiipokee kwa kifua.

Vumbi jeusi utakalolikuta humo usilipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi, ukitupe.

Mtafute muuaji

Rilizi imebanwa kwa klipu kwenye uma, yaani mkono wa chuma unaoisukuma. Itoe, izungushe mkononi. Nzuri huzunguka kimya na kwa uzito kidogo. Iliyokufa inakwaruza, au inazunguka yenyewe kama kifuniko cha chupa.

Sasa pitisha ukucha kwenye bomba linaloizunguka shafti ya mbele, pale rilizi inapoteleza. Mara yangu ya kwanza sikufanya hivi. Niliweka rilizi mpya, miezi miwili baadaye mlio ukarudi, nikaenda kulalamika dukani kwamba nimeuziwa feki. Nilipofungua tena, ukucha ulinasa kwenye mfereji uliochimbika kwenye bomba lile. Rilizi ilikuwa inateleza ikiwa imeinama, ndiyo maana ilikufa. Duka halikuwa na kosa. Bomba likiwa na mfereji, badilisha.

Angalia pia ncha za uma, na kile kigololi ambacho uma huegemea. Angalia vidole vya presha pleti: vyote viwe kimo kimoja, na visiwe vimelika mfereji. Angalia kama kuna oili imetoka sili ya injini au ya gia boksi. Ikiwepo, badilisha sili leo.

Kurudisha

Usiioshe rilizi mpya kwa petroli wala dizeli. Grisi yake imefungiwa ndani na itayeyuka. Paka grisi ya joto kali kwenye kigololi, kwenye ncha za uma na juu ya bomba. Kwenye meno ya shafti paka nyembamba mno, kisha futa iliyozidi, maana ikizidi itarukia klachi pleti (sahani ya klachi inayosuguana) na klachi itaanza kuteleza.

Kama umefungua presha pleti, isawazishe klachi pleti katikati kwa kifaa chake au kwa mti ulioranda ukaingia sawasawa. Boti zake kaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, mpaka Nyuton mita 19. Gia boksi ikishaingia, usiiache inning'inie kwa shafti peke yake hata kwa muda mfupi, itapinda kitovu cha klachi pleti. Ukimaliza, rudisha oili, kisha pima kwa rula mchezo wa pedali, yaani inavyoshuka kabla ya kuanza kukaza: milimita 5 hadi 15. Pedali isiyo na mchezo inaisukuma rilizi mchana na usiku.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Masasi: Kaka, siwezi kuitoboa ya zamani nikaijaza grisi? Spea huku zinachelewa.*

Hapana ndugu yangu. Ikishaanza kulia, gololi na njia zake zimeshaharibika, grisi itaunyamazisha mlio kwa siku chache tu. Kisha inagandamana ukiwa njiani, inakula vidole vya presha pleti, na gharama inazidi. Subiri spea.

*Kutoka Newala: Fundi ananiambia nibadilishe klachi nzima na mimi nina hela ya rilizi tu. Nimwamini?*

Dada, mwambie akuonyeshe klachi pleti ikiwa mkononi. Tazama ribiti (vipini vya chuma vinavyoshikilia uso wa pleti) zilivyozama chini ya uso huo. Kipimo cha mwisho ni milimita 0.3, unene wa kama karatasi tatu za daftari. Ikiwa zimekaribia hapo, fundi anasema kweli, kwa sababu kazi ya kushusha gia boksi utailipa tena muda si mrefu. Kama zimezama vizuri na vidole havijalika, badilisha rilizi na ile ndogo ya flaiwili, basi.

*Kutoka Nachingwea: Mkuu nimemaliza, pedali inazama mpaka chini na gia haziingii.*

Kanyaga pedali mara nyingi mfululizo. Ikianza kupanda kidogo, kuna hewa. Itoe kwenye nipo (skrubu ya kutolea hewa) ya silinda ndogo, mmoja akanyage, mwingine afungue. Kama silinda inasukuma vizuri na bado hakuna klachi, chungulia kwa tochi kwenye tundu la uma. Huenda uma umetoka kwenye kigololi wakati wa kurudisha, na hapo gia boksi inashuka tena.

*Kutoka Lindi: Gia boksi yangu imegoma, zimebaki sentimita mbili. Jirani anasema niivute kwa boti.*

Ziache boti hizo kaka! Ukivuta kwa boti utavunja sikio la gia boksi, au utapinda pleti. Ingiza gia ya nne, mwenzako azungushe shafti ya nyuma kwa mkono taratibu huku wewe unasukuma. Tazama pengo pande zote: likiwa kubwa chini kuliko juu, jeki yako haijalingana na injini. Ishushe au ipandishe mpaka pengo lilingane. Ikigoma bado, klachi pleti haipo katikati. Irudishe nyuma uisawazishe upya. Ikikaa sawa utaisikia inaingia yenyewe hadi mwisho, bila kulazimishwa.