Tekken 8: Ukitaka kupanda daraja, anza na kuzuia

Vijana wengi wanaonifuata kwenye banda la gemu wakitaka niwafundishe Tekken, mchezo wa video wa kupigana, huanza kwa kunionyesha kombo. Na kweli wanaijua. Mpinzani anarushwa juu, anasindikizwa na ngumi hadi ukutani, anapoanguka nusu ya damu yake imekwisha. Nawauliza swali moja tu: jana mtandaoni uliipiga mara ngapi? Wanafikiri kidogo, kisha wanasema mara moja, labda mbili, katika mechi kumi.

Tatizo liko hapo. Kombo ni hela ya kutumia baada ya kupata nafasi, na nafasi yenyewe haitoki kwenye kombo. Mimi nilikwama daraja la Garyu kwa miezi minne nikiongeza kombo kila wiki. Nilitoka pale siku nilipoacha kujifunza kupiga nikaanza kujifunza kuzuia, na kumrudishia mtu pigo pale ambapo hawezi tena kujikinga. Nitakayoeleza hapa ndiyo ninayowafundisha bandani, kwa mpangilio uleule.

Kwanza tuelewane kuhusu vitufe. Wachezaji wa Tekken duniani kote huviita kwa namba: 1 ni ngumi ya kushoto (mraba kwenye pedi ya PlayStation), 2 ni ngumi ya kulia (pembetatu), 3 ni teke la kushoto (eksi), 4 ni teke la kulia (duara). Nikiandika 1,2 maana yake ngumi ya kushoto ikifuatiwa na ya kulia. Nikiandika 1+2 maana yake vyote viwili kwa pamoja.

Hatua ya 1: Baki na mhusika mmoja

Chagua mmoja, ukae naye walau miezi mitatu. Usimchague kwa sababu umesikia ana nguvu msimu huu, maana nguvu za wahusika hubadilishwa kila mchezo unapofanyiwa marekebisho. Mchague unayependa kumtazama akipigana, kwa sababu utamtazama sana. Kama huna unayempenda, mchukue Jin au Paul, mapigo yao ya msingi yanaeleweka haraka.

Hatua ya 2: Punguza mapigo

Kila mhusika ana orodha ya mapigo zaidi ya mia. Hayo mengine yaache kwanza. Unahitaji machache yenye kazi inayojulikana: ngumi ya haraka ya 1 ya kumkatiza mtu, pigo moja la katikati lililo salama hata likizuiwa, pigo moja la chini la kumsumbua anayesimama muda wote, pigo moja la kumrusha juu, na pigo moja linalomfuata anayekwepa pembeni. Kisha chukua kombo moja fupi. Nasema fupi, isiyokuponyoka hata mikono ikiwa inatetemeka raundi ya mwisho. Kombo ya kati unayoipatia kila mara inakupa ushindi kuliko ile ndefu unayoipatia nusu ya mara.

Hatua ya 3: Elewa fremu, kisha usiziogope

Watu wengi hukimbia hapa, na ndipo mchezo wenyewe ulipo. Tekken inakwenda kwa picha 60 kila sekunde, na kila picha moja ni fremu moja. Kila pigo lina muda wake wa kufika, unaohesabiwa kwa fremu. Ngumi ya kushoto ya 1 hufika kwa fremu 10, na hiyo ndiyo kasi ya kawaida ya pigo la haraka kwa wahusika. Pigo la kumrusha mtu juu mara nyingi huchukua fremu 15 au zaidi.

Pigo likizuiwa, aliyepiga huchelewa kurudi kwenye hali ya kujikinga. Tuseme amechelewa fremu 12 nyuma yako. Wewe una ngumi ya fremu 10. Ukiipiga papo hapo lazima impate, kwa sababu inafika kabla hajaweza kuzuia wala kukwepa. Akili yake au ujanja wake hauna nafasi hapo, ni hesabu tu. Hiyo ndiyo tunayoiita adhabu.

Kinyume chake nacho ni muhimu. Ukipiga pigo, likazuiwa, ukawa umechelewa hata fremu 5 tu, hawezi kukuadhibu, lakini zamu ni yake. Ukibonyeza tena, ngumi yake itatangulia. Ukijikuta unalalamika kwamba mwenzio ana kasi kuliko wewe, kagua hapo kwanza. Mara nyingi hana kasi yoyote, ila wewe unabonyeza wakati zamu si yako.

Uzuri wa Tekken 8 ni kwamba namba hizi zimo ndani ya mchezo. Ingia sehemu ya mazoezi, washa maonyesho ya fremu kwenye mipangilio, na kila pigo litakuonyesha limefika kwa fremu ngapi na limekuacha mbele au nyuma kiasi gani. Kwenye Tekken 7 huduma hii iliuzwa pembeni. Sasa imo ndani bila malipo ya ziada, na haihitaji bando.

Hatua ya 4: Jifunze adhabu tatu, si thelathini

Ukisoma hatua moja tu katika mwongozo huu, soma hii.

Adhabu ya kwanza ni ya fremu 10 ukiwa umesimama. Kwa karibu kila mhusika ni 1,2 au kitu kinachofanana nayo. Itumie ukihisi kwamba pigo ulilozuia lilikuwa na hatari lakini huna hakika ya namba yake.

Adhabu ya pili ni ya fremu 15 ukiwa umesimama, yaani pigo lako la kumrusha juu. Hii ni ya makosa makubwa: mtu ametupa pigo zito, limegonga mikono yako, naye amebaki amesimama kama mlango ulioachwa wazi. Hapo ndipo kombo yako fupi inapoanza kazi.

Adhabu ya tatu ni ya baada ya kuzuia pigo la chini. Ukizuia chini unakuwa umechuchumaa, kwa hiyo 1,2 ya kawaida haitoki. Achia mshale wa chini kwenye pedi, na mhusika wako anapoinuka bonyeza 4. Teke hilo hufika kwa fremu 11 kwa wahusika karibu wote. Kwa mapigo makubwa ya chini, kama lile fagio la Kazuya (teke la kufagia miguu), hilo teke lako la 4 ni dogo mno. Aliyezuiwa yuko wazi kabisa, na unatakiwa kumrusha juu kwa pigo la kuinukia la mhusika wako. Litafute kwenye orodha yake na ulijue kwa jina.

Sasa mazoezi. Ndani ya sehemu ya mazoezi kuna zoezi maalumu la kuadhibu: unamchagua mpinzani, mchezo unampigisha mapigo yake yanayoadhibika, wewe unazuia na kurudisha. Fanya dakika 20 kwa siku dhidi ya mhusika mmoja. Usihame kwenda kwa mwingine mpaka vidole vijibu kabla hujafikiri. Anza na wale unaokutana nao mara kwa mara, na kwenye madaraja ya chini na ya kati usimsahau mtu anayependa teke la kuruka. Teke hilo la kuruka mbele na 4 wahusika wengi wanalo, linarusha juu, na vijana hulitupa ovyo kwa sababu hakuna anayewaadhibu. Kwa wengi likizuiwa huwaacha nyuma fremu 13. Mrudishie mara tatu mfululizo uone atakavyoliacha. Ukishamnyang'anya pigo alilolitegemea, anaanza kuotea, na raundi inakuwa yako.

Zingatia jambo hili: kwenye Tekken huhitaji kushika mshale wa nyuma ili kuzuia mapigo ya juu na ya katikati ukiwa umesimama. Ukiachia mshale kabisa mhusika bado anazuia. Ila mapigo mengi yanayokuja kwa mfululizo hukukamata kwa sababu umebonyeza katikati yake. Mikono itulie. Tazama mpaka mfululizo uishe, kisha rudisha.

Hatua ya 5: Chini na mikamato

Huwezi kuzuia kila pigo la chini kwa macho. Mengi ni ya haraka mno, kwa hiyo kubali kuumia kidogo na yale madogo. Lakini mafagio mazito yanayokuangusha na kumpa mwenzio kombo ni ya polepole. Lile la Bryan huchukua karibu nusu sekunde kufika. Ukilizoea kwenye mazoezi utaliona likianza. Rekodi mhusika wa mazoezi akipiga fagio hilo na pigo moja la katikati, mchezo uchanganye wenyewe, wewe simama na uchuchumae pale tu unapoona fagio.

Mikamato inafuata. Ile ya kawaida hufunguliwa kwa 1 au 2, chochote kati ya hivyo. Ile ya pekee inataka jibu lake, na jibu liko mikononi mwa anayekukamata: mkono wa kushoto ukitangulia bonyeza 1, wa kulia ukitangulia bonyeza 2, yote miwili ikija pamoja bonyeza 1+2. Mchukue King, rekodi ule mkamato wake wa kukuzungusha hewani (jibu ni 1) na ule wa kukubeba kichwa chini (jibu ni 1+2). Anza na hiyo miwili. Wiki ya kwanza utakosa karibu yote, ni kawaida. Kumbuka pia kwamba mkamato wa kawaida wa kusimama ni pigo la juu. Ukichuchumaa unapita hewani, naye anabaki wazi mbele yako.

Mpinzani akiwasha hiti, yaani hali ya nguvu za ziada ya muda mfupi, usitishike. Anaipata mara moja kwa raundi, na kipimo chake kinakwisha. Kuzuia wakati huo kunakumega damu kidogo, lakini damu ile hurudi ukimpiga. Wengi wanaopoteza raundi kwa hiti huwa wamebonyeza kwa hofu.

Hatua ya 6: Waya

Tumia waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine, hata kama ruta yenyewe inatumia laini ya simu. Umbali wa mpinzani hutaubadilisha, ila utaondoa kukwama kwa ghafla kunakoharibu hesabu zote za fremu. Kabla ya mechi mchezo hukuonyesha hali ya muunganisho wa mwenzio. Ukiwa mbovu, mkatae bila aibu.

Hatua ya 7: Daftari na marudio

Kila ukipoteza mechi mbili mfululizo, simama. Fungua marudio ya mechi zako. Tekken 8 inakuruhusu kusimamisha marudio katikati, kuchukua pedi na kucheza tukio lile upya kama lilivyokupata, tena yenyewe hukudokeza pale ulipoacha adhabu ipite. Usitazame mechi nzima ukijihurumia. Tafuta kitu kimoja: ni pigo gani limekupata zaidi ya mara tatu? Liandike kwenye daftari. Kisha nenda sehemu ya mazoezi ukamchague mhusika huyo, upige pigo hilo mwenyewe, utazame namba zake. Linaadhibika kwa fremu ngapi? Ni la juu, unaweza kuchuchumaa? Linakwepeka upande gani? Andika jibu mbele yake.

Daftari langu la kwanza lilikuwa na kurasa nne tu nilipotoka Garyu. Mapigo yaliyokuwa yakinipiga miezi yote ile hayakufika kumi na tano.

Hatua ya 8: Tafuta watu wa kukaa nao

Mtandaoni mpinzani anakupiga mechi mbili tatu na kupotea. Bandani anakaa pembeni yako, unamwuliza "hii ulijuaje nitaipiga?" naye anakujibu. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, alitwaa EVO Japan, mashindano makubwa ya michezo ya kupigana, na miezi michache baadaye akatwaa EVO ya Las Vegas, yote kwenye Tekken 7, akitoka nchi ambayo watu wengi hawakuitarajia. Yeye mwenyewe alisema nyumbani kwao wapo wengine wakali. Walikuwa wamenoana wenyewe kwa wenyewe vyumbani mwa gemu. Na hapa jirani Kenya, Sylvia Gathoni, anayecheza kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni ya UYU mwaka 2018 akicheza mchezo huohuo. Kwa hiyo tafuta wawili watatu wanaokuzidi kidogo. Mkicheza, kubalianeni: anayepigwa na pigo lilelile mara tatu anasimamisha mechi, mnaingia sehemu ya mazoezi, mnatafuta jibu pamoja, kisha mnarudi.

Ratiba yangu ya siku ya kawaida ni hii: dakika 20 za adhabu, dakika 10 za mikamato, mechi za daraja zisizozidi kumi, kisha daftari. Siku ambayo nina dakika 30 tu, nafanya mazoezi na kuacha mechi. Pigo likikaa wiki mbili bila kunipata tena, nalikata kwa mstari na kuandika linalofuata. Ukurasa wa wiki hii ni wa Hwoarang. Una mateke matatu. Mawili nimeshayapatia jibu, la tatu bado ninalichunguza.